Majani Yaliyobanduliwa

Odelia Brandt alikuwa na miaka kumi na mmoja, mikono inayotetemeka, na ubishi wa kugawia mtaa mzima. Wiki nzima, katika darasa la wanafunzi wenye mahitaji maalumu, alibandika majani makavu ya mwaloni kwenye karatasi. Yote aliyarundika chini ya mti. Matawi aliyaacha matupu, maana ndivyo ilivyokuwa nje ya dirisha, na macho anayo.

Sasa Bi Lorna, msaidizi wa darasa, alikuwa na mchezo wake. Watoto wakishapanda basi la kurudi nyumbani, yeye hubaki na gundi na mkasi, akibandua na kubandika upya. Ati kazi zipendeze siku ya wazazi. Hakuwa na roho mbaya, la hasha. Lakini wema mwingine, jamani, unakukanyaga huku unakuchekea.

Siku ya wazazi ilipofika, Odelia alimkuta baba yake, dereva wa lori ambaye miaka miwili hakuwahi kufika shuleni, amesimama ukumbini mbele ya mti wenye majani kila tawi, yamepangika kama meno ya bandia. Chini yake, kwenye kikaratasi, pameandikwa: Odelia, 11.

"Mwanangu! Hii kazi yako? Naenda kuibandika ndani ya lori, kila mtu aione!"

Angeweza kunyamaza. Sifa ya baba aliitamani mno. Lakini akatikisa kichwa.

"Si yangu."

Maneno yake hutoka polepole, na Bi Lorna akadakia, kama kawaida yake. "Ni yako, mpenzi! Mimi nimekusaidia kidogo tu."

"Kidogo wapi! Yangu... yalikuwa chini."

"Mti mtupu, mama, nani atautazama?"

"Mimi!"

Wazazi wakageuka. Odelia akakibandua kile kikaratasi cha jina, akakikunjakunja. Akachukua kalamu mezani na kumnyooshea Bi Lorna, mkono ukitetemeka, jicho halipepesi.

"Andika lako."

"Langu?"

"Na miaka yako."

Mtu akacheka, akajikohoza. Bi Lorna akautazama ukuta: miti tisa ya watoto tisa, yote imetoka mkono mmoja. Uso ukamshuka. Akaandika chini ya mti: Lorna, 58.

"Wako uko wapi?" baba akamuuliza Odelia.

"Kaubandua."

Baba akavua koti, akajibana kwenye kiti cha mtoto. "Basi tengeneza mwingine. Siondoki."

Odelia akaleta karatasi na majani kutoka darasani, akamimina gundi, nusu kwenye karatasi, nusu mezani. Karatasi ikateleza. Jani likamgandia kidoleni, akalikung'uta, likagoma. Watu wakaanza kuondoka. Baba akavumilia, akavumilia, mwisho akaunyoosha mkono wake mkubwa ashike karatasi.

"Toa mkono," Odelia akamwambia.

Baba akautoa, akaukalia.