Mkanda wa Haugland

Katika kiwanda cha mbao, msituni kaskazini mwa Minnesota, daktari wa kwanza alikuwa msimamizi, Haugland. Mpasua mbao akivimba kinenani, alitoa hukumu papo hapo: "Ngiri huyo! Msukume arudi shimoni." Kisha alimfunga mkanda wake wa ngozi, kazi ikaendelea.

Reino, mpasua mbao mmoja, alifungwa mkanda huo akiwa na homa, mguu wa kulia haunyooki. "Unadeka," aliambiwa. Siku ya nne akafa. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka, usaha ukateremka hadi kinenani. Haugland alikuja msibani, akala keki vipande vitatu, akauliza mkanda wake uko wapi.

Mjane wa Reino, Aili, hakuurudisha. Aliutundika ukutani katika ofisi ya mizani ya malori, alikofanya kazi, akautazama miaka miwili. Kisasi, alijisemea, ni supu ya samaki: ukiikoroga inavurugika.

Jumanne moja Haugland akaingia amejikunja, jasho linamtiririka na nje ni barafu tupu.

"Dada Aili, ule mkanda. Ngiri amenitembelea."

"Karibu, bosi. Lala hapo nimwone mgeni."

Uvimbe ulikuwa ukidunda kama moyo. Na mgongo? Unamuua, alisema, tangu alfajiri. Baada ya mazishi ya Reino, Aili alimganda daktari wa kweli mpaka akamtajia yote yanayojifanya ngiri. Ngiri hadundi. Huu ulikuwa mshipa mkubwa wa damu, unakaribia kupasuka.

Angeweza kumfunga mkanda, akaukaza. Mikono ilimwasha.

"Ngozi imekauka, bosi. Ngoja nilete mafuta." Akaingia chumba cha nyuma, akakawia kidogo, akarudi. Mkono mmoja nyuma ya mgongo ukabana kitufe cha redio ya malori.

"Huyu si ngiri. Ni mshipa unaotaka kupasuka, ndugu wa kile kidole tumbo kilichomuua Reino. Sema ulichomfanyia, ndipo nipige simu."

"Aili, mama, nakufa!"

"Basi sema haraka."

Akasema. Reino aliomba hospitali mara tatu. Yeye alimkatalia, akamcheka mbele ya wenzake. Madereva kumi na wanane walimsikia, kila mmoja ndani ya lori lake.

King'ora cha ambulensi kikalia langoni. Haugland akakodoa macho.

"Lakini hujapiga simu!"

"Nilipiga nilipofuata mafuta. Ukifa, bosi, madereva waliokusikia redioni watamtazama nani kantini?"

Walipomweka kwenye machela, Aili akamlazia mkanda kifuani.

"Usisahau mali yako."