Jam ya Sironga

Bathsheba aliamka na furaha ya mtu anayekwenda harusini, na kumbe alikuwa anakwenda kumharibia mtu siku. Alioga, akavaa gauni lake la makambi, akafunga kitambaa cheupe kichwani, akaning'iniza shingoni redio ndogo ya marehemu mumewe kwa kamba ya kiatu. Halafu akapiga magoti akaomba. Hakumwambia Mungu kila kitu. Alimwomba tu mvua isinyeshe Sironga kabla hajamaliza, ila kama kulikuwa na maji yamebaki huko juu, Gesima wangeyapokea kwa shukrani.

Mtu wa kuharibiwa siku alikuwa Lewis Obwocha, mtoto wa shemeji yake. Lewis alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, tumbo lililotangulia kuingia mlangoni, na gari jeupe lenye kioo cha kuonyesha barabara. Siku hiyo wakulima wa chai wa Ikonge walikuwa wanachagua mwenyekiti wa kituo chao cha kununulia chai, na Lewis, ambaye hajawahi kuchuma jani ila la kujipepea, alikuwa anautaka uenyekiti. Pale Ikonge kura hazipigwi kwa karatasi. Wagombea wanasimama mbele, watu wanapanga mistari nyuma yao, mstari mrefu ndio unaoshinda. Asiyekuwepo saa sita hapangiwi mstari. Huwezi kusimama nyuma ya mtu ambaye hayupo.

Bathsheba alikuwa ameisubiri siku hiyo tangu alipomzika Ratemo.

Ratemo, mumewe, alibanwa na kifua mchana kweupe, akiwa ametoka kulisha ng'ombe. Lewis ndiye pekee wa ukoo mwenye gari, na alikuwa ameapa mbele ya wazee kwamba baba yake mdogo akiugua, ni kupiga simu tu. Bathsheba akapiga. "Nakuja, mama, niko njiani," Lewis akasema. Jirani, Tryphosa Bonareri, akasimamisha pikapu yake ya ndizi langoni, akashuka, akasema ampeleke mzee hospitali. Bathsheba akamwambia asihangaike, Lewis yuko karibu. Akapiga tena. "Mama, kuna jam Sironga. Gari linaonyesha nyekundu tupu. Lakini niko karibu." Tryphosa akaenda zake sokoni. Na kila Bathsheba alipopiga, Lewis alikuwa karibu. Alikuwa karibu mpaka Ratemo akaacha kupumua.

Sasa, redio hii ndogo ilikuwa dirishani wakati huo, inaongea peke yake kama kawaida. Na yule mtangazaji wa habari za barabara, anayepigiwa simu na madereva kutoka kila kona, alisema kwa Ekegusii safi kwamba kutoka Kisii hadi Nyamira njia ni nyeupe, mtu aendeshe tu. Bathsheba alisikia. Alidhani redio imekosea.

Redio haikukosea. Baada ya siku chache Anyona, kijana wa bodaboda, alimwambia kwamba siku ile gari jeupe lilishinda nje ya hoteli moja ya nyama choma huko Kisii, na mwenyewe alikuwa ndani akila mbavu. Lakini Lewis alikuwa ameshashika kipaza sauti matangani, akalia mpaka akafutwa machozi na wanawake: "Jam ndiyo iliyomuua baba yangu. Nilikuwa Sironga, gari halisogei, roho inaniuma." Watu wakamhurumia. Mama mmoja akampelekea soda. Soda ya Ratemo, kwa gharama ya Ratemo.

Bathsheba hakusema neno. Angesema, watu wangesema kilio kimempanda kichwani. Alitaka Lewis aseme uongo ule ule, kwa mdomo wake ule ule, mbele ya watu wale wale, siku ambayo wangeuona kwa macho kuwa ni uongo.

Na Lewis mwenyewe ndiye aliyempa dawa. Siku hiyo hiyo ya mazishi, watu wakiwa wanakula, alimwita alione gari lake, labda ampunguzie huzuni.

"Panda, mama. Ona. Kijani ni njia wazi, manjano pole pole, nyekundu jam."

"Limejuaje, na liko hapa kwangu chini ya mparachichi?"

Lewis akacheka. Alipenda kuulizwa. "Huko nchi za mbele gari linapata habari kwa redio. Stesheni inazituma kimya kimya chini ya muziki, wewe husikii, gari linazisoma lenyewe. Huku kwetu linatumia intaneti. Kila simu iliyo barabarani inasema yenyewe, niko hapa, nakwenda mwendo huu. Simu nyingi zikitambaa mahali pamoja, kompyuta huko iliko inasema hapo pamefunga. Inachora nyekundu, gari linakutafutia njia nyingine."

"Kwa hiyo barabara yenyewe halioni."

"Halioni. Linahesabu simu."

"Basi linaishi kwa umbea, kama watu wa kisimani."

"Mama, wewe baki na redio yako," Lewis akasema, akimpiga bega. "Hayo ni mambo ya zamani. Mtu anampigia mtangazaji, mtangazaji anabahatisha."

Bathsheba alikuwa na swali lingine ulimini. Akalimeza na pilau.

Sasa ilikuwa wiki ya makambi ya vijana kanisani Sironga, na kila mwaka simu za vijana hukusanywa asubuhi ili wamsikilize mhubiri. Wanazitoa kwa uchungu kama wanang'olewa meno. Zinawekwa kwenye kikapu cha kuchumia chai, na mlinzi wa kikapu ni Bathsheba. Pasta alimchagua mwenyewe. "Huyu mama hata akitaka hawezi kuzifungua," alisema. Kweli hakuweza. Na hakuhitaji kuzifungua.

Asubuhi hiyo alikifunika kikapu kwa leso, akakiweka katikati ya mitungi kwenye mkokoteni wa punda wa kanisa, akasema anakwenda kuteka maji. Mpishi wa makambi akashangaa mama mtu mzima amekuwa mchapakazi hivyo.

Barabara ya lami ilikuwa kavu na tupu. Punda alitembea mwendo wa mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. Kila baada ya hatua chache Bathsheba alimsimamisha, akajifanya anakaza kamba, akamwendesha tena. Walipofika mwisho wa shamba la shule wakageuka wakarudi. Kikapu kilitetemeka chote kwa ujumbe ulioingia, mpaka punda akapinda masikio. Simu moja ililia bila kukoma, kioo kimeandika "Mpenzi". Bathsheba akapapasa mpaka ikaitika, akaiweka sikioni.

"Bebi, mbona hushiki?"

"Bebi yuko kwenye mahubiri. Leo wanasoma habari za Danieli na simba. Na wewe unasoma nini?"

Ikakatika.

Alifikiria kumpigia yule mtangazaji wa redio amwambie Sironga pamefunga, ili jambo likamilike pande zote. Akakataa. Redio ndiyo peke yake iliyosema kweli siku Ratemo alipokufa. Hangeitia uongo mdomoni. Akaifungua tu, aisikilize wakitembea. "Kisii kuja Nyamira, shwari kabisa," mtangazaji akasema. "Ukichelewa leo, tafuta sababu nyingine."

Mara kabambe yake mwenyewe, simu ndogo ya vitufe, ikalia mfukoni. Alikuwa Lewis.

"Mama, bwakire, umeamkaje? Si uko Sironga kwa makambi? Naona hapo nyekundu tupu. Kuna ajali?"

Bathsheba akamsimamisha punda. Alikuwa amejiwekea sharti, na sharti lilikuwa hili: akiulizwa, atasema ukweli. Na kijana huyu akiuamini, angalau mara hii moja, punda atageuzwa nyumbani na mambo yote aachiwe Mungu.

"Mimi nasikiliza redio, mwanangu. Inasema njia ni nyeupe."

"Redio," Lewis akasema, na kicheko kile kile cha chini ya mparachichi. "Mama, hao wanasoma habari za jana. Gari linaniambia nipitie Keroka, nikate Gesima, nitokee Ikonge kwa nyuma. Nitawahi."

"Gesima kumenyesha usiku."

"Hili gari si la kuogopa matope. Haya, mama, unipangie mstari."

"Nitakupangia," Bathsheba akasema.

Akampiga punda kofi la upendo mgongoni, wakazunguka tena, na tena, mpaka alipoona Lewis lazima ameshaacha lami ya Keroka na kushuka kwenye vilima vya Gesima, ambako udongo mwekundu ukilowa unashika gurudumu kama ugali unavyoshika mwiko. Akarudisha kikapu. Hakuna simu iliyopotea. Mpishi akauliza maji yako wapi.

"Nimesahau kuteka," Bathsheba akasema, akamwita Anyona na bodaboda yake.

Ikonge walikuta uwanja wa kituo umejaa. Masese, ofisa aliyetumwa kusimamia uchaguzi, alikuwa na kipaza sauti cha mkononi na haraka ya mtu mwenye chakula kinachomsubiri. Mbele alisimama Tryphosa, mgombea mwingine, peke yake, mikono imekunjwa, viatu vya mpira miguuni, maana alitoka shambani moja kwa moja. Wengi walikuwa watu wa Lewis. Alikuwa amewaahidi mizani mpya na paa jipya, na walimsubiri wakichungulia barabara.

"Saa sita imefika," Masese akasema. "Lewis Obwocha yuko wapi? Kuna mtu wa nyumbani kwake?"

"Niko," Bathsheba akasema, na kabambe ikalia mkononi mwake wakati huo huo. Hakushangaa. Alikuwa akipigiwa tangu Nyamira, na hakushika. "Ndiye huyu anapiga. Ofisa, mwanangu, mimi sisikii vizuri. Tumweke hapo kwenye hicho kitu chako, aongee na wakulima mwenyewe."

Masese, kwa kuwa na haraka, akakubali. Bathsheba akabonyeza kile kitufe cha kupaza sauti, kitufe pekee alichokijua, akaisogeza simu kwenye kipaza sauti. Sauti ya Lewis ikatanda juu ya majani ya chai.

"Mama, mbona hushiki? Waambie wanisubiri. Niko karibu."

"Uko wapi, mwanangu?"

"Waambie niko hapa Sironga. Kuna jam, nyekundu tupu, gari halisogei. Roho inaniuma, mama."

Na nyuma ya sauti yake, wazi kabisa, wanaume wengi wakaimba pamoja: "Sukuma! Mara moja tena! Toa huyo mzito ndani ya gari kwanza!"

Waliokuwa nyuma wakasogea karibu na simu. Halafu Anyona, aliyekuwa bado amekalia bodaboda yake, akasema pole pole kama mtu anayejiuliza, "Sironga? Si ndio nimetoka huko sasa hivi na huyu mama. Hata kuku hajavuka barabara."

"Waliokuwa kwangu siku ya Ratemo," Bathsheba akasema kwenye kipaza sauti, "mmewahi kuyasikia haya maneno?"

Walikuwa wameyasikia. Yule mama aliyepeleka soda alijishika mdomo. Mzee mmoja akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. Tryphosa akatazama chini, kwenye viatu vyake.

"Pikapu yangu ilikuwa langoni," akasema. "Nikaambiwa yuko karibu."

"Siku ile pia njia ilikuwa nyeupe," Bathsheba akasema. "Redio ilisema. Anyona huyu alimwona Kisii akila nyama, baba yake akikata roho. Mimi nimemaliza. Ofisa, panga mistari."

"Mama? Mama, uko na nani?" simu ikauliza. Masese akaizima mwenyewe.

Mstari nyuma ya Tryphosa ulipita ghala, ukapinda, ukaingia kwenye chai ya watu. Mahali pa Lewis alisimama mbwa mmoja, naye akaondoka alipoona hakuna chakula.

Lewis alifika wakati watu wanapima chai, amelowa matope mpaka kifuani, kiatu kimoja mkononi. Gari alikuwa amelivutisha kwa trekta. Hakuna aliyemsalimu. Alijua kabla ya kuambiwa, kwa jinsi wanawake walivyomkwepa kama mtu mwenye upele. Bathsheba peke yake ndiye aliyemsogezea karai la maji.

"Nawa."

Akanawa. Maji yakawa mekundu. "Ni gari, mama," akasema kwa sauti ndogo. "Lilionyesha jam. Lakini madereva wananiambia Sironga hakukuwa na gari hata moja."

"Gari hakukuwa. Lako halioni barabara, si uliniambia? Linahesabu simu."

Lewis akaacha kunawa. Akamtazama, akatazama redio iliyoning'inia kwa kamba ya kiatu, akamtazama tena.

"Nani alikuwa Sironga leo?"

"Mimi na punda," Bathsheba akasema. "Na nilikuambia njia ni nyeupe."

Alimwachia karai, akaenda nyumbani kwa miguu, njia ya kupita katikati ya chai, jua bado liko juu. Hakujisikia mwepesi kama alivyotarajia. Ratemo alikuwa pale pale, upande wa migomba, na udongo wa kaburi lake ulikuwa umeanza kuota majani. Akairudisha redio dirishani, mahali pake pa zamani, akaigeuza uso uelekee nje. Mtangazaji alikuwa anasoma barabara za alasiri, Keroka, Konate, Nyamira, zote wazi. Bathsheba akaongeza sauti, akavuta kigoda, akakaa kusikiliza na mumewe.