Nzuri, Ila

Kazi yangu ni kubisha hodi na kuweka alama ya vema kwenye jibu. Dodoso lilikuwa na swali moja la maana: hali yako ya afya ikoje? Nzuri, wastani, mbaya. Tulipita kaya mia nne na kumi na mbili, na asilimia tisini na saba walisema nzuri. Bosi wetu, tunayemwita Asilimia, akaandika kwamba mtaa ule hauhitaji zahanati, ifungwe.

Katika nzuri hizo mojawapo ni ya shangazi yangu, ambaye kidonda chake cha mguu huoshwa kwenye zahanati hiyo hiyo mara tatu kwa wiki. Nilimuuliza, akajibu nzuri, nikaweka vema. Maelekezo yalisema andika unachoambiwa, si unachokijua. Roho iliniuma, lakini nilifunga mdomo. Mkate wangu uko ofisini.

Aliyembishia bosi ni mtafiti mwenzetu, Mama Kwanini. Mimi natoka jasho nyumba arobaini kwa siku, yeye wiki mbili kamaliza nyumba tatu, chai za watu zikimwishia tumboni. Nilimwona mvivu, sifichi.

"Hawa hawajajibu, wamesalimia," alimwambia bosi. "Nani anaulizwa hali mlangoni akasema mbaya? Nzuri kwanza. Ugonjwa unakuja baada ya ila, na hapo karani keshafika nyumba ya pili."

"Nyumba tatu si takwimu. Hayo ni maongezi."

"Haya, bosi. Za nyumbani?"

"Nzuri. Ila mama watoto amelazwa tangu Jumapili, hata sijui..."

Mama Kwanini akachukua dodoso tupu, akaweka vema kwenye nzuri, akamsogezea.

Asilimia akavua miwani, akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Kisha, mtu wa hesabu ni wa hesabu tu, akasema, "Rudini. Safari hii mkae. Mhesabu ila."

Tukakaa, tukahesabu. Ila mia tatu na nane. Zahanati haikufungwa.

Kwa shangazi nilikwenda mwisho kabisa, kwa aibu. Akasema nzuri. Nikakaa. Akaulizia watoto, akasifu shati langu, akavuta mguu wake kwa mikono miwili akauweka juu ya kigoda.

"Ila mwanangu," akasema, "siku ile ulikuja umesimama na kalamu. Nikaona una haraka, nikakupa jibu fupi."