Bonde na Jina la Nyangwine

Mpaka Nikodemo alipofungua mdomo wake vibaya, Mokami alikuwa mtu wake. Siku ile ya mkutano wa kampeni bibi huyo alifika mapema, akakaa mbele kabisa na fimbo yake, kitenge cha chama cha Kibuyu kiunoni, akapiga vigelegele mpaka koo likakauka. Na kwa nini asipige? Nikodemo, aliyekuwa akigombea udiwani, ndiye mtu pekee aliyesimama kupinga bonde kupewa mwekezaji wa maparachichi. Kiangazi kikikausha vilima vyote vya upande ule, jirani na Itiryo, majani mabichi hubaki bondeni tu. Ng'ombe wa Mokami hawakuwa na malisho mengine. Kabichi na vitunguu vya mjukuu wake Ezra vilitoka huko huko kwenda kuuzwa Sirari. Chama cha Ngao, kilichokuwa madarakani, kilitaka kulizungushia uzio. Hata mtoto wa chekechea angejua ampigie nani.

Sasa, Nikodemo alikuwa na doa moja ambalo wapinzani wake walilijua vizuri. Mkewe alikuwa amemzalia mabinti watupu. Vijana wa Ngao walijipanga nyuma ya vibanda na spika yao, wakaanza kuimba kwamba mwanamume asiye na dume nyumbani kwake atawalindaje madume ya wenzake. Watu wakacheka. Nikodemo akajikaza, akaendelea na hoja zake za bonde. Wakaimba tena. Wakacheka tena, safari hii hata watu wake.

Hapo mwanamume akapandwa na jazba. Akakinyakua kipaza sauti kana kwamba anataka kukikaba.

"Nani kasema sina dume?" alifoka. "Dume langu lile pale! Ezra, mura, kijana wangu, simama wakuone! Kuna asiyejua hapa kwamba yule ni damu yangu?"

Uwanja ulilipuka. Vijana wa Kibuyu wakamwinua Ezra begani, naye akiwa ameduwaa na fulana yake ya kampeni. Nikodemo akatabasamu, akijua amefunga bao. Mtu alikuwa amempora Mokami mtoto wake mchana kweupe, kwa spika, na watu wanapiga makofi.

Kwa maana damu, kila mtu alijua ni ya nani. Hilo halikuwa siri na wala halikuwa na uzito. Nyangwine, mume wa Mokami, alikufa bila kupata mtoto wa kiume. Mokami alikuwa na mabinti tu, na kwa Wakurya nyumba isiyo na mwana hufungwa kama duka lililofilisika. Basi akafanya kama walivyofanya wajane wengi kabla yake. Alichukua ng'ombe wa mahari ya mabinti zake, akamtolea binti aitwaye Kezia, akamwoa yeye mwenyewe, desturi iitwayo nyumba ntobhu. Mwanamke kamwoa mwanamke ili nyumba ipate mtoto. Mwanamume wa kumzalisha Kezia aliitwa kimya kimya, na alikuwa Nikodemo, wakati huo kijana wa jirani. Akala, akanywa, akashukuriwa, akaenda zake. Aliyezaliwa ni Ezra wa Nyangwine, mwana kwa jina la marehemu ingawa Mokami humwita mjukuu, maana huko mtoto ni wa aliyetoa ng'ombe, na mwanamume aliyeitwa anapaswa kufunga bakuli lake mpaka kaburini. Nikodemo alilijua hilo. Alilifunga kwa miaka yote hiyo, akaja kulifungua kwa ajili ya udiwani.

Kesho yake Mokami akamchukua mwanamke mwenzake wa rika lake, Verdiana, aliyekuwa naye ameoa ntobhu, wakaenda nyumbani kwa Nikodemo. Mokami hakutaka mbuzi wala faini. Alitaka kitu kimoja.

"Panda jukwaani tena," alimwambia. "Sema Ezra ni mtoto wa Nyangwine. Basi. Tutakuwa tumemaliza."

Nikodemo aliwakaribisha vizuri, akawaamkia shikamoo, akawaletea chai. Kisha akacheka.

"Mama zangu, zile ni siasa tu. Nikirudi kujikana si watanimaliza kabisa? Hebu tuyaache mpaka baada ya uchaguzi."

"Baada ya uchaguzi nitakuwa sina mjukuu," Mokami alisema.

"Utakuwa na bonde!" Nikodemo akajibu, sasa akiwa amekereka kidogo. "Mimi ndiye ninayewapigania. Mkinikasirikia, mtampa nani kura? Ngao, wawafungie malisho? Mna pa kwenda nyie?"

Mokami aliweka kikombe chini kikiwa kimejaa. Yale ya jukwaani yalimuumiza, lakini haya ndiyo yaliyomchoma mpaka mfupani. Mtu huyu alikuwa amempima kwa tumbo lake, akaona ndiyo basi, kwamba mwenye njaa ukimtukana atameza. Njiani Verdiana alilia. Mokami hakulia. Alikuwa anapanga.

Watu wa mjini walipokuja kuulizauliza baadaye, walisema wanawake wa kata ile walinunuliwa kwa chumvi na kofia. Upuuzi mtupu! Mokami hakuchukua hata kibiriti. Jackson, mfanyabiashara aliyegombea kwa Ngao, alipofika kwake na furushi la vitenge, aliambiwa alirudishe garini kwanza ndipo aketi. Akalirudisha. Akaketi chini kabisa, kwenye kigoda, na suruali yake ya kitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuniambia nini kuhusu bonde?"

Jackson akakuna kichwa. "Bonde, mama, sitakudanganya. Lile limeshaamuliwa na wakubwa." Akatazama huku na huku kama mgeni mwenye adabu. "Nilitaka kumsalimu na mwenye boma. Mwana wa Nyangwine yupo?"

Hayo tu. Mwana wa Nyangwine. Pengine alikuwa amefundishwa na mtu aseme hivyo, na Mokami hakuwa mjinga, aliliwaza hilo. Lakini kifua chake kilitulia kwa mara ya kwanza tangu mkutano. Mwizi aliyekuamkia vizuri bado ni mwizi, alijua, ila huyu alikuja kuiba majani. Yule mwingine aliiba mtu.

Kazi ikaanza. Ulikuwa msimu wa palizi, na wanawake wa huko hupalilia kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, kazi inayoitwa risaga. Mokami mgongo haukumruhusu tena kushika jembe, lakini alikwenda kila siku, akakaa kwenye tuta na kuongea. Aliwachagua wenye nyumba kama yake. Hawakuwa wachache, na kila nyumba ilikuwa na wana, na wana walikuwa na wake, na wote walikuwa na kadi za kupigia kura.

"Leo ni Ezra wangu," aliwaambia. "Nikodemo akiapishwa kuwa diwani na maneno yale hayajafutwa, kesho kila mwanamume aliyewahi kuitwa kwenye nyumba zenu atakuja kudai chake. Na atasema, hata diwani alifanya. Mtamjibu nini?"

"Na ng'ombe wetu watakula wapi?" aliuliza mmoja.

"Majani yakifa huota mengine. Nyumba ikifa, umeshaona imeota?"

Jibu lile lilitembea mashambani haraka kuliko yeye. Tena aliongeza chumvi palipohitajika, maana kisasi nacho ni mchuzi. Aliwaigizia sauti ya Nikodemo, "Mna pa kwenda nyie?", akitanua pua, nao wakacheka mpaka wakaegemea majembe. Kicheko hicho kilimlipa Mokami kidogo kidogo.

Ezra pekee hakucheka. Jioni moja alimkuta bibi yake nje ya nyumba, akavua fulana ya Kibuyu akaiweka chini mbele yake.

"Ninaitoa, bibi, kwa heshima yako. Mimi ni wa Nyangwine, na maneno ya jukwaani hayanibadilishi. Lakini nikuulize. Bonde likienda, nitakuwa wa Nyangwine nikila nini? Nataka kuoa mwakani. Nitaoa na nini?"

"Ng'ombe wapo."

"Wapo kwa sababu bonde lipo!"

"Unamtetea baba yako?" Neno lilimtoka Mokami kabla hajalishika. Ezra akaiacha fulana pale chini, akaingia ndani, na hawakuzungumzia tena uchaguzi.

Siku ya kura Mokami alibebwa na bodaboda mpaka kituoni. Ndani ya kile kibanda aliona picha zote mbili, ya Jackson na ya Nikodemo. Aliweka alama yake kwenye Ngao akiikandamiza kalamu kama anaua kunguni.

Nikodemo alishindwa. Alishindwa kwa kura chache, zile zile za nyumba zilizokosa pa kwenda. Mokami alipoletewa habari alicheka kwa sauti, akaamuru jogoo achinjwe, akala paja lote peke yake. Waliosema hasira hasara walisema kweli, ila walisahau kusema jinsi hasira inavyokuwa tamu siku ya kwanza.

Uzio ulikuja kabla ya kiangazi. Nguzo za zege, seng'enge, na mlinzi mwenye rungu. Jackson alifika kuwapa pole, akawaamkia wote shikamoo, akaondoka. Vitunguu vya Ezra vilivyokuwa bado ardhini vilifukiwa na trekta. Majani ya kando ya barabara yakaisha, na ng'ombe wa Mokami wakaanza kuonyesha mbavu. Mmoja akafa. Waliobaki akawauza mnadani mmoja mmoja kabla hawajawa ngozi, kwa bei ya aibu, na fedha ikaliwa kwa unga.

Na Nikodemo? Ukidhani aliumia, basi hujui watu wenye pa kwenda. Alikuwa na shamba kubwa Serengeti, njia ya Ikoma, na ng'ombe wa kutosha. Alihamia huko na mabinti zake, akanenepa. Mwaka ulipozunguka akatuma mjumbe, si kwa Mokami, bali kwa Ezra. Ujumbe ulikuwa mfupi. Alikuwa amesikia kwamba kijana anataka kuoa, na kwamba hana kitu.

Ezra alimwambia bibi yake asubuhi, mbele ya Kezia, akiwa amesimama.

"Nikodemo atanitolea mahari, bibi. Na shamba la kulima amenipa, huko huko kwake."

Mokami alijaribu kuinuka, fimbo ikateleza. "Akitoa ng'ombe yeye, unajua maana yake?"

"Najua."

"Mke atakuwa wa nyumba yake. Watoto utakaozaa watakuwa wake. Wote. Nyangwine atakuwa amekwisha."

"Bibi, sheria hiyo umenifundisha wewe. Mtoto ni wa aliyetoa ng'ombe." Sauti yake haikuwa ya ukatili, na hilo ndilo lililomuua Mokami zaidi. "Ungekuwa nao, ningechukua wako. Nisingeangalia kwingine. Lakini utanitolea nini? Kura?"

Aliinamisha kichwa apewe baraka. Mokami akageuza uso ukutani. Kijana akasubiri, akasubiri, kisha akabeba begi lake na kushuka kuelekea barabarani. Alipopotea kwenye migomba ndipo Mokami alipopata sauti, na haikuwa sauti ya baraka. Alimlaani Nikodemo, mabinti zake, ng'ombe zake na shamba lake la Ikoma. Alilaani mpaka akaishiwa pumzi. Kezia aliendelea kuchambua maharage.

"Mama," Kezia alisema alipoona ametulia. "Ungejua yatafika huku, ungempa kura?"

Mokami hakuhitaji kufikiri. "Nani? Yule? Ningemnyima tena. Hata leo wakileta sanduku hapa uani, ningemnyima."

Kezia akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetegemea jibu hilo. Miaka yote alikuwa ameishi katika nyumba ile bila kuulizwa jambo. Hakuulizwa alipoolewa, hakuulizwa ni mwanamume gani aitwe, na wakati wa kampeni, Mokami alipokuwa akizunguka mashamba ya watu kutafuta kura, hakupita hata siku moja kwenye jiko la nyumbani kwake kuomba moja.

"Mimi nilimpigia Nikodemo," Kezia alisema.

"Wewe?"

"Nilikuwa na mtoto mmoja, mama. Nilipigia bonde ili abaki."

Mokami akaishika fimbo. Mdomo ulikuwa umeshajaa maneno, tokomea, msaliti, rudi kwenu, na kwenu hawana ng'ombe wa kunirudishia. Akautazama ua. Zizi lilikuwa wazi, halina hata kinyesi kibichi. Mtungi mlangoni ulikuwa mtupu, na kisima kilikuwa mbali, chini ya mlima ambao yeye hakuweza tena kuupanda.

"Nenda kachote maji," alisema.

Kezia akayaacha maharage kwenye ungo, akachukua ndoo, akaenda. Mokami akabaki amekaa pale, macho njiani, akiogopa kwamba huyu naye hatarudi.