Siku Ishirini za Kitambaa Cheupe

Serikali ya Wajerumani ilipoamua kupigana na ndui, haikumuuliza Naeku kama anataka vita. Ilituma karani na askari wapite nyumba kwa nyumba katika vilima vya Sokon wakitazama nyuso za watu, na walipoufikia uso wake wakasimama. Karani alimwangalia shavu la kulia, akamwangalia la kushoto, akafurahi kama mtu aliyeokota jembe alilolipoteza.

"Huyu anafaa," akasema.

Kwa zaidi ya miaka ishirini hakuna aliyekuwa amemwambia Naeku kwamba anafaa kwa lolote. Mwaka ule wa maangamizi, sotoka ilipomaliza ng'ombe na ndui ikaingia kumaliza wenye ng'ombe, yeye alikuwa mtoto wa miaka kama minane. Katika nyumba ya mama yake walilala watu saba, akaamka yeye peke yake, chini ya ngozi ya ng'ombe, uso umejaa mashimo. Ndugu za baba yake walimlea, maana yake hawakumfukuza. Alipokua, hakuna aliyeleta asali ya posa. Sokoni wanawake walichukua maharage yake na kumwekea chumvi chini, mbali na mkono wake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunywa maziwa kutoka kibuyu chake. Walimwogopa kama vile ugonjwa ule ulikuwa umelala tu katika makovu yake ukingoja kuamshwa.

Kumbe Bwana Daktari wa Kizungu alikuwa na maneno mengine. Alisema aliyeugua ndui akapona, ndui haimrudii, wala yeye hamwambukizi mtu. Basi uso uleule uliomkosesha mume ukampatia Naeku kazi. Akapewa kambi: vibanda vitatu vya majani juu ya kilima, mlingoti wa mti mrefu na vitambaa viwili, cheupe na chekundu.

Mpango wenyewe ulikuwa mkubwa, na lazima tuseme kweli, ulipangwa vizuri. Amri zilitoka Dar es Salaam, zikapita kwenye waya hadi Moshi, na kutoka Moshi matarishi wakakimbia nazo hadi Bomani Arusha. Masoko yakafungwa. Askari wakawekwa kwenye vivuko vya mito. Dawa ya chanjo, ambayo ilikuwa chache na huharibika kwa joto, ikaja kwa treni kutoka Tanga hadi Moshi. Na kila kambi ya wagonjwa, saa tatu asubuhi, ilipaswa kuinua kitambaa. Cheupe: hakuna mgonjwa mpya. Chekundu: yupo. Askari wa zamu alisimama juu ya ukuta wa Bomani na darubini yake, akaandika, na maandishi yake yakarudi Moshi, yakaingia kwenye waya, yakashuka hadi pwani. Siku ishirini nyeupe zikifuatana, kambi inafungwa na watu wanarudi kwao.

Kwa hiyo mkubwa wa nchi nzima, ambaye Naeku asingemwona hata siku moja, alikuwa akisubiri kujua mwanamke wa Sokon ameinua kitambaa gani. Serikali ni kama mama mkwe. Inataka iambiwe kila kitu, na haimwambii mtu kitu.

Walipandishwa wagonjwa sita. Naeku aliwalisha, akawasafisha, akazika watano kwa mikono yake. Wa sita alikuwa Tabea, Mmeru wa Kikwe, mwanamke aliyebatizwa, ambaye homa ilimkamata alipokuja Arusha na mzigo wake wa ndizi. Siku nane macho yake yalikuwa yamevimba hayafunguki, akawa ananyweshwa uji na mkono asioujua. Yalipofunguka, alimtazama Naeku kwa muda mrefu.

"Kumbe na wewe!" akasema. Kisha akajipapasa mashavu yake mwenyewe. "Basi nitakuwa mzuri hivihivi?"

"Zaidi," Naeku akasema. "Wewe una pua nzima."

Tabea akacheka mpaka vidonda vikamuuma. Naeku naye akacheka, na kicheko kikamshtua, maana hakukumbuka mara ya mwisho kukisikia kikitoka kwake.

Ndipo zikaanza siku ambazo Naeku hakuwahi kuziona. Walikula kutoka chungu kimoja. Tabea alimwita dada. Alimpaka samli kwenye makovu, ingawa ya Naeku yalikuwa ya zamani na samli isingeyafanya lolote. Kiswahili cha Tabea kilikuwa cha misheni na cha Naeku cha sokoni, wakakutana katikati, na pale neno lilipokosekana walionyeshana kwa mikono. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kama kulikuwa na mtu aliyepona juu ya kilima kile, alikuwa Naeku.

Tabu ilikuwa moja. Tabea alikuwa na kwao, na hakuacha kukutaja. Mumewe Sadoki alikuwa mbali, kwenye kazi ya reli. Mtoto wao Solomoni, miaka mitatu, alibaki Kikwe na bibi yake. Solomoni hanywi uji mpaka bibi aupulize. Solomoni anaogopa kuku. Solomoni anajua kuimba nyimbo mbili za kanisani, moja yote na nyingine nusu. Kila asubuhi, kitambaa cheupe kilipopanda, Tabea alihesabu kwa sauti kubwa, naye Naeku alisikia hesabu ile kama mtu anayesikia maji yakivuja kutoka mtungi wake wa mwisho.

Siku ya kumi na tisa Tabea aliamka mapema kufua nguo zake.

"Kesho kinapanda cha mwisho, keshokutwa niko Kikwe," akasema.

"Utakuja kunitembelea?"

"Nitakuja, dada," Tabea akajibu, huku akikunja nguo, na akajibu upesi mno. Naeku alikuwa ameishi muda mrefu pembeni mwa watu. Alijua jinsi mtu anavyojibu anapotaka kuondoka vizuri.

Tabea akashuka kijitoni. Ukungu ulikuwa unajitoa kwenye mlima, na kule chini ukuta wa Bomani ulianza kuonekana. Naeku alisimama chini ya mlingoti, vitambaa vyote viwili mkononi. Hakuwa mwendawazimu. Alifikiri hivi: ni siku ishirini tu. Mtoto yuko na bibi yake, mume yuko reli, nani ataumia? Akafunga chekundu, akakivuta juu.

Saa tano asubuhi Bariki akafika. Alikuwa mganga msaidizi, kijana wa misheni, mpole, mwenye haraka. Nyuma yake alikuja askari na kiboko chake kiunoni. Bariki mwenyewe alibeba sanduku, na ndani ya sanduku vichupa vyembamba vya dawa vilikuwa vimechomekwa katika kipande cha mgomba mbichi ili visipate joto.

"Shikamoo, mama. Mgonjwa yuko wapi?"

Naeku alikuwa na jibu tayari. "Ameondoka. Mwanamke, peke yake. Alikuja asubuhi kuomba maji. Ana homa, na usoni vipele vimeanza. Nilimwambia kaa, akakimbia."

"Upande gani?"

Akanyoosha mkono kuelekea kwenye migomba ya watu. Bariki akashusha pumzi.

"Basi itabidi tuchanje kilima chote, leo na kesho. Yaani siku yenyewe ndiyo hii! Asubuhi tarishi ameleta habari ya Kikwe, wagonjwa wawili, jirani kwa jirani. Nilikuwa nimeshafunga sanduku niende huko. Wakubwa wakasema hapana, nenda kwanza penye kitambaa chekundu, ni karibu na mji. Sanduku ndilo hili moja. Lingine likitoka Tanga halifiki kabla ya siku sita."

Naeku alisikia neno Kikwe, akalitazama sanduku. Sanduku lilikuwa bado limefungwa. Njia ya Kikwe ilikuwa ndefu, lakini kijana huyu alikuwa na miguu mizuri, na aliyekaribiana na mgonjwa, akichanjwa mapema, huokoka. Hilo Bwana Daktari alikuwa amewaeleza wote, yeye akiwemo. Neno moja lingetosha. Alimtazama askari, akakitazama kiboko. Lakini tusikisingizie kiboko. Kule chini Tabea alikuwa anapanda kutoka kijitoni na nguo zake mbichi kichwani, akiimba, na Naeku hakuweza kuuvumilia uso ambao Tabea angemwonyesha.

"Utakunywa maji?" akamuuliza Bariki.

Akanywa, akafungua sanduku, akaenda.

Tabea, alipoambiwa habari ya mwanamke wa homa, alilia siku ile na siku iliyofuata. Kisha akanyamaza, akaanza kuhesabu upya. Hesabu hii ya pili haikuwa na utamu wowote. Naeku alipata alichokitaka, chungu kimoja na sauti ya kumwita dada. Kila saa tatu aliinua cheupe, kwa haki. Tabea alipomtaja Solomoni, Naeku alitafuta kuni za kwenda kuokota. Usiku na mchana alijiambia Kikwe ni kubwa, nyumba ni nyingi, ndui haiwezi kuchagua ile moja. Aliomba, yeye ambaye hakuwa amebatizwa, na hakujua aombe kwa Mungu wa nani, akaomba kwa wote.

Siku ya ishirini na moja Bariki akaja na askari kufunga kambi. Naeku alimwona tangu mbali, na kabla hajafika akajua, maana kijana yule mwenye haraka alikuwa anatembea polepole.

Bariki aliketi chini mbele ya Tabea. Alisema bibi yupo, amepona. Solomoni amezikwa, leo ni siku ya nne. Alieleza yote, kwa sababu alikuwa mtu mwaminifu na yalikuwa yanamlemea. Dawa mpya ilichelewa siku sita. Alipofika Kikwe alimchanja mtoto, mtoto akamng'ata kidole, lakini ugonjwa ulikuwa umeshamwingia.

"Ningekuja kwenu siku ile ya kitambaa chekundu," akasema. "Nilimwambia hata mama hapa, kwamba Kikwe kuna wagonjwa. Lakini amri ni amri. Nisamehe."

Bariki na askari wakaenda kuchoma vibanda vya mbali, maana hiyo nayo ilikuwa amri, na moshi ukaanza kupanda. Hapo Tabea akainama taratibu, akaweka kichwa chake kwenye mapaja ya Naeku.

"Sishuki," akasema. "Nishuke kwa nani? Nitakaa kwako, dada. Nitalima na wewe. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na aliyenifaa ni wewe."

Uzito wa kichwa kile! Naeku aliusikia hadi mifupani. Maisha yake yote hakuna mtu aliyemlalia mapajani. Angeweza kunyamaza, na Tabea angekaa, mwaka huu na mwaka ujao, na wangezeeka pamoja, na nani angejua? Aliweka mkono juu ya nywele zile zilizoanza kuota upya. Akauacha hapo kidogo. Kisha akauondoa.

"Hakupita mwanamke," akasema.

"Mwanamke gani?"

"Yule wa homa. Hakuwapo. Niliinua chekundu ili usiondoke."

Tabea hakuinuka mara moja. Ilikuwa kama anasubiri neno hilo lipite kwa mtu mwingine. Halafu akaketi, akajifuta uso kwa kiganja.

"Bariki alikutajia Kikwe."

"Alinitajia."

"Kabla ya kufungua sanduku?"

Naeku alitamani aulizwe swali lingine lolote duniani.

"Kabla," akasema.

Tabea akachukua kanga yake, akaifunga vizuri, akainama akaokota nguo zake. Hakumtukana, hakumpiga. Alipita karibu na Bariki, naye Bariki akamwita, akamuuliza anakwenda wapi peke yake, na jibu lilikuwa fupi hata halikusikika. Naeku alimwangalia mpaka migomba ilipomficha, na hata baada ya hapo aliendelea kuangalia.

Bariki akarudi, mikono ina masizi. Alitoa karatasi mfukoni na kuikunjua.

"Bomani wamesema nikushukuru, mama. Jina lako limeandikwa. Ugonjwa ukirudi, wa kwanza kuitwa ni wewe." Akaigeuza karatasi. "Ila yule mwanamke wa homa hajapatikana mpaka leo. Askari wamepita kila nyumba wakimuulizia. Wanasema lazima yuko peke yake mahali fulani, hana mtu."

"Usimtafute tena," Naeku akasema. "Ni mimi."

Bariki alimtazama. Mwanzo hakuelewa, kisha akaelewa, na uso wake ukafanya vilevile ambavyo nyuso za sokoni zilikuwa zikifanya. Akarudi nyuma hatua moja. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Taarifa imeshakwenda Moshi," akasema. "Na Moshi wameshaipeleka pwani."

Akamwita askari, wakashuka bila kuaga. Naeku alibaki mpaka vibanda vikaisha kuungua, akachukua chungu chake, akarudi nyumbani kwake kwa njia ya juu, ambayo watu hawapiti.