Mkono Uliobeba Kreni

Karakana nzima ilinuka rangi mbichi. Ngazi ya kreni ilikuwa imepakwa njano jana jioni, na Veturia Mihuț alipofika juu viganja vyake vilikuwa vya njano, na magoti ya ovaroli yake pia. Alitukana kimoyomoyo, akajifuta kwa gazeti, akaingia kwenye kibanda chake chini ya paa, akaning'iniza mfuko wa mkate na kitunguu, kisha akawasha umeme. Kreni ikaamka kama ilivyozoea, kwa kukohoa.

"Shangazi Vetu!" sauti ya Traian ilipanda kutoka chini. Traian ndiye aliyefunga mizigo kwenye kulabu, na hakuwa ndugu yake hata kidogo. "Ndo unaenda mbinguni hivyo?"

"Ndiyo. Nikifika nitakutaja, wapate kufunga mlango mapema."

Wanaume wakacheka. Walikuwa na haja ya kucheka. Siku ya ukaguzi mkubwa ilikuwa imefika, na kila mtu alijua ile rangi imepakwa kumfurahisha nani.

Katika bonde lile la Jiu, huko Romania, wanaume walishuka mgodini na wanawake wakapanda kreni. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za mama yake Veturia. Migodi ilifungwa mmoja baada ya mwingine, lakini karakana ya kutengeneza mabehewa ilibaki, na kreni ikabaki nayo: boriti mbili ndefu zinazotembea kwenye reli juu ya vichwa vya watu, kulabu kubwa ikining'inia katikati. Wanawake walirithishana kazi hiyo, na pamoja nayo walirithishana ujanja. Breki ikichoka, mzigo huanza kushuka wenyewe taratibu, kama kichwa cha mtu anayesinzia. Dereva hodari hangoji. Anausukuma mpini kidogo tu, mota inauvuta mzigo juu, na aliye chini haoni kitu. Dereva wa namna hiyo walisema ana mkono mtamu, na bonde zima lilijua kwamba hakuna mkono mtamu kuliko wa Veturia. Alijivunia hilo kama wengine wanavyojivunia watoto.

Mlango wa kibanda ukagongwa. Ni Injinia Olariu, mkuu wa karakana, akihema, koti lake limepata mstari wa njano mkononi.

"Bi Veturia. Leo ni kama siku zote, sawa?"

"Siku zote breki ilikuwa mgonjwa, Bwana Injinia. Sasa ni maiti. Wiki iliyopita behewa lilishuka lenyewe Traian akiwa anaweka magogo chini yake."

"Lilimpata?"

"Lilimkosa."

"Basi."

Veturia akamtazama. Olariu akatazama pembeni.

"Kreni ikifungwa, watu wanarudi nyumbani kwa kipande tu cha mshahara," alisema. "Majira haya ya baridi! Gesi imepanda, mayai yamepanda, hata kuni zimepanda. Mke wa Traian atajifungua wakati wowote. Utawaambia wewe?"

"Na breki mpya?"

"Mwakani."

"Hiyo mwakani imekuwa ikija tangu mjukuu wangu hajazaliwa, na sasa anaota ndevu."

"Unadhani sijaomba?" Olariu alipandisha sauti. "Kila mwaka naomba! Na kila mwaka mwenye kampuni ananiuliza, kreni imepita ukaguzi au haijapita? Namwambia imepita. Basi, anasema, kitu kizima unataka nikinunulie nini?"

Hapo akayasikia maneno yake mwenyewe. Alitazama ile rangi kwenye koti lake, akaikwangua kwa kucha, akashuka.

Mkaguzi alifika kukiwa na theluji ya matope nje. Alikuwa binti mwenye viatu vizito, Injinia Smaranda Vlas, mara yake ya kwanza pale. Ofisini walikuwa wamemwandalia meza kama ilivyo desturi: soseji, kachumbari ya matango, chupa ya pombe ya plamu. Hakuketi.

"Nitakula tukimaliza," alisema, "kama bado mtakuwa mnanipenda."

Alipanda juu, akatambaa kwenye boriti na tochi yake, akagonga, akasikiliza, akapapasa kamba ya chuma kwa kitambaa. Aliposhuka aliagiza mzigo wa majaribio ufungwe: vipande vya chuma vizito kuliko kitu chochote ambacho kreni iliruhusiwa kubeba. Veturia akavinyanyua hadi usawa wa kiuno cha mtu.

"Mpini katikati! Tunasubiri!" mkaguzi aliamuru; sasa breki peke yake ndiyo ilipaswa kuushikilia mzigo.

Feni la tanuri la mafundi vyuma lilikuwa likinguruma. Halikuwa na kazi asubuhi ile, ila Olariu alikuwa ameagiza liwashwe, na Veturia alijua sababu. Mlio wake ulifunika mlio wa mota.

Mzigo ukaanza kusinzia. Kabla hajawaza, mkono wa Veturia ulikwisha kuusukuma mpini kidogo. Mzigo ukatulia. Ukasinzia tena, mkono ukauamsha tena. Olariu alikuwa amesimama na mikono nyuma, uso umeanza kulegea. Mambo yalikuwa yanakwenda.

Kisha Traian akafanya alichokifanya kila siku ya Mungu. Mzigo ulikuwa unayumba kidogo, naye akausogelea, akauwekea kiganja kuutuliza, mguu mmoja ukaingia chini ya ukingo wa chuma.

"Kaka, toka hapo!" mkaguzi alipiga kelele.

"Usiogope, dada," Traian alijibu huku akicheka. "Aliye juu ni shangazi yangu. Hawezi kuniangushia."

Veturia alisikia kila neno. Akautazama ule mguu. Traian hakuwa anaiamini kreni. Alikuwa anauamini mkono, mkono wa mama wa makamo wenye baridi yabisi, ambao siku moja ungechelewa kwa sababu ya chafya tu. Na kadiri mkono ulivyokuwa mtamu, ndivyo breki mpya ilivyozidi kuwa ya mwakani.

Akabonyeza kengele, akaishikilia bila kuiachia mpaka Traian akaruka nyuma akiziba masikio. Akamngoja aende mbali, hadi ukutani kabisa. Kisha akaondoa mikono kwenye mpini, akaikalia yote miwili.

Mzigo ukashuka. Kwanza polepole, kwa aibu. Halafu ukashika kasi, ukatua sakafuni kwa kishindo kilichotikisa vioo. Vumbi likapanda. Mtu mmoja akazima feni.

"Rudia," mkaguzi alisema.

Akarudia. Ukashuka tena.

Mkaguzi akainua uso. "Mama! Cheti cha mwaka jana kinasema mzigo ulisimama!"

Veturia akafungua dirisha la kibanda. "Mwaka jana niliusimamisha mimi."

Alipomaliza kushuka ngazi, swichi kuu ilikwisha kufungwa kwa waya na lakiri. Wanaume walikuwa wamemzunguka.

"Umetumaliza, mama!" alifoka mchomeleaji mmoja. "Wanangu sasa wale kutu?"

"Si ungeshikilia kidogo tu? Ungepungukiwa nini?"

Traian peke yake hakuwa kwenye duara. Alikuwa amechuchumaa, anapitisha kidole kwenye mchubuko mpya wa saruji, pale mguu wake ulipokuwa.

"Acheni kelele," alisema hatimaye, bila kugeuka. "Hebu njooni muone hapa kwanza."

Wakaenda mmoja mmoja. Kelele zikapungua.

"Haijafa hii," mkaguzi aliwaambia huku akivua glavu. "Boriti zake hazina ufa, chuma chake ni cha zamani ile. Ipeni breki, kamba, gia na nyaya mpya, itawazika nyote. Ila mpaka hapo, hainyanyui hata ndoo."

Olariu alikuwa nje na simu. Sauti ya mwenye kampuni ilisikika hadi ndani, kali, kisha ikashuka. Mabehewa ya wateja yalikuwa yamekaa sakafuni bila magurudumu, na bila kreni yasingetoka humo kamwe. Olariu aliporudi uso wake ulikuwa wa mtu asiyejua acheke au alie.

"Amekubali," alisema. "Mafundi wanaanza Jumatatu. Kila kitu, siyo breki tu. Nusu yenu mtasaidia kazi, nusu mtakaa nyumbani, mtapokezana."

Traian akapiga mluzi. Mchomeleaji akamtazama Veturia, akainamisha kichwa, akaenda kutafuta sigara. Mkaguzi aliulizia zile soseji kama bado zipo.

Olariu akamvuta Veturia kando.

"Kuna neno moja tu. Mwenye kampuni anataka umwombe radhi. Na mimi pia, kusema kweli. Umetuvua nguo mbele ya mgeni. Sema tu samahani, yaishe."

"Kwa lipi?"

"Bi Veturia, kreni unapata. Samahani itakugharimu nini?"

"Sijui itanigharimu nini," alisema Veturia, "na sitaki kujua. Siombi."

"Nimwambie hivyo?"

"Mwambie hivyohivyo. Siombi."