Fuawe ya Nyamhanga

Mwaka wa tisini na nne, siku ya soko hapo Migori, shemeji yangu Nchagwa alikuja kibandani na mkokoteni na vijana wa kuusukuma. Sikumuuliza amefuata nini. Macho yake yalikuwa kwenye fuawe ya marehemu mume wangu, Nyamhanga, ile niliyofulia majembe na mapanga tangu tumzike. Ikiondoka, watoto wangu watakula nini?

"Bhoke, mwanamke aliyekataa kurithiwa hakai na fuawe ya ukoo," akasema. "Nifungulie mlango wa nyumba, ama naipeleka kwangu Rongo."

"Mlango wangu nimemfungulia Yesu, shemeji. Wewe una wake wawili, hata hao wanalia njaa."

Wateja wakacheka. Yeye hakucheka. "Nyamhanga alinipa hii kitu kabla hajafa."

Mzee Maroa, baba mdogo wa Nchagwa na marehemu, alikuwa ameketi akingojea jembe lake. Akasema, "Basi apa. Unajua njia yetu wahunzi. Piga fuawe kwa nyundo ikiwa tupu na baridi, umtaje marehemu. Ukiwa mkweli, beba uende. Ukidanganya, yatakayokupata usituulize."

Mimi ni mtu wa kanisa, kiapo chenyewe sikukiogopa. Niliogopa kwamba angepiga tu, na wazee waseme mambo yameisha. Nikaomba kimoyomoyo: Bwana, shika mkono wake.

Nchagwa akainua nyundo. Ikakaa juu. Jasho likamtiririka shingoni. Halafu akaishusha polepole, akavuta jembe la mzee, akaliweka juu ya fuawe na kulipiga kwa nguvu.

"Nyamhanga alinipa!"

Mzee Maroa akasogea karibu.

"Sasa hiyo ni kiapo ama ni kazi? Nyundo imegusa jembe. Toa jembe, upige tena."

"Si ni sawa tu, baba?"

"Toa."

Nchagwa akaliangusha jembe chini, akaitazama fuawe tupu. Akatupa nyundo chini, akawaashiria vijana wageuze mkokoteni.

"Fundi, rudi!" mama mmoja akamwita. "Hata langu ni butu!"

Mzee aliokota jembe lake, akaligeuza. "Na amelipinda, mshenzi huyu."

Nikalipokea, nikalishika kwa koleo. Nikamwomba mzee avukute moto. Akavukuta, mimi nikaliweka jembe kwenye makaa ili nilinyooshe.